Kipa Mkongwe: Historia ya Kazi ya Langoni, kutoka Kigoma hadi Taifa Stars

Katika soka, hakuna nafasi inayomvumilia mchezaji mwenye umri mkubwa kama nafasi ya kipa. Mshambuliaji huishi kwa mbio, na mbio huanza kupungua mara tu anapovuka miaka thelathini. Kiungo huishi kwa pumzi za kukimbia dakika tisini. Kipa hutegemea macho, mikono, sauti na uamuzi, na sauti na uamuzi hukomaa kadiri mechi zinavyozidi kuwa nyingi. Klabu nyingi zimewahi kumwacha kipa kwa sababu ya umri, kisha zikaona ni vigumu kumpata mwingine wa kuaminika kama yeye. Historia ya soka ya Tanzania ina mifano kadhaa ya jambo hilo, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kijana aliyezaliwa Ujiji, mkoani Kigoma.

Ugumu wa kazi hii umo katika vipimo vyenyewe. Lango lina upana wa meta 7.32 na kimo cha meta 2.44, na penalti hupigwa kutoka meta 11. Mshambuliaji akikosa mabao matatu na kufunga la nne, hubebwa mabegani. Kipa akiokoa michomo kumi na kuteleza mara moja, jina lake ndilo litakalotajwa njia nzima watu wakirudi nyumbani. Kwa hiyo sifa ya kwanza ambayo timu huitafuta langoni ni uhakika: kipa anayedaka mpira wa kudakwa, anayetoka langoni kwa wakati, na ambaye mabeki wake wanajua mapema atafanya nini. Uhakika wa namna hiyo hujengwa kwa miaka.

Michezo mingine imelitambua jambo hili kwa njia yake. Katika besiboli ya kulipwa ya Marekani, timu husimama juu ya watu wawili: mrushaji, ambaye hurusha mpira kutoka umbali wa meta 18.44, na mdakaji, ambaye huchutama nyuma ya mpigaji, humwashiria mrushaji aina ya mpira wa kurusha na kuwapanga wenzake uwanjani. Satchel Paige, mrushaji mweusi aliyezuiwa na ubaguzi wa rangi kucheza ligi kuu, aliingia katika ligi hiyo mwaka 1948 akiwa na miaka 42, na timu yake ya Cleveland ikatwaa ubingwa mwaka huohuo. Nolan Ryan aliwanyima wapinzani hata pigo moja la kufika kituo katika mechi nzima mwaka 1991, akiwa na miaka 44. Iván Rodríguez alidaka katika mechi 2,427 za ligi kuu, idadi ambayo hakuna mdakaji mwingine aliyeifikia. Afrika Mashariki besiboli bado ni changa. Timu ya watoto ya Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto mwaka 2012, na nchini Tanzania mchezo huo ulianza kufundishwa shuleni katika miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani. Katika ukanda huu, kazi ya kudaka, kupanga wenzake na kubeba lawama imekuwa ya kipa wa soka.

Ligi ya taifa ya Tanzania ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, klabu iliyochukua jina la Simba mwaka 1971. Yanga, mtani wake wa jadi, ilikuwepo tangu 1935. Katika miaka hiyo mpira haukuwa ajira. Mchezaji alifanya kazi katika shirika au kiwanda na kufanya mazoezi jioni, na kipa alijifunza kwa kumtazama kipa aliyemtangulia. Kocha wa makipa hakuwepo. Ndiyo kusema kipa mkongwe alikuwa mchezaji na mwalimu kwa wakati mmoja, na alipoondoka aliondoka na ujuzi ambao haukuandikwa popote.

Kizazi cha kwanza kilichojulikana nchi nzima ni kile cha miaka ya 1970. Simba ilikuwa na Athumani Mambosasa na Omari Mahadhi. Mwaka 1974 klabu hiyo ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla El-Kubra ya Misri kwa mikwaju ya penalti, baada ya kila timu kushinda nyumbani kwake 1-0. Mikwaju hiyo ilikuwa bado jambo jipya, kwani iliingizwa katika sheria za soka mwaka 1970. Kabla ya hapo timu zilizotoshana nguvu zilirudiana au ziliamuliwa kwa kurusha shilingi. Sheria hiyo iliongeza thamani ya kipa kwa kiasi kikubwa, maana sasa mashindano mazima yangeweza kuishia mikononi mwake.

Timu ya taifa, Taifa Stars, ilipofuzu kwa mara ya kwanza fainali za Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Nigeria mwaka 1980, makipa wake walikuwa Juma Pondamali na Mambosasa. Tanzania ilifungwa na wenyeji 3-1, ikafungwa na Misri 2-1, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Ilibidi ingoje miaka 39 kabla ya kufuzu tena. Pondamali hakuachana na lango baada ya kustaafu, kwani alikuja kuwa kocha wa makipa wa Yanga. Iddi Pazi, aliyelinda lango la Simba miaka ya 1980, naye alirudi klabuni hapo kufundisha makipa. Kwa njia hiyo pengo la ualimu lilianza kuzibwa na wakongwe wenyewe.

Miaka ya 1990 jina lililotawala lilikuwa Mohamed Mwameja wa Simba. Watu walimwita Tanzania One, kama Wakenya walivyomwita Mahmoud Abbas Kenya One katika muongo uliotangulia. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Ugenini ilitoka sare tasa, matokeo ambayo hayapatikani bila ulinzi imara, lakini Dar es Salaam ikafungwa 2-0. Kipindi hicho kazi yenyewe ilikuwa inabadilika. Tangu mwaka 1992 kipa amekatazwa kudaka mpira anaorudishiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake, na makipa waliozoea kupumzisha mchezo kwa mikono walilazimika kujifunza kucheza kwa miguu wakiwa watu wazima. Waliofaulu walidumu.

Kigoma iliingia katika historia hii kupitia njia ya reli. Reli ya Kati ilifika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1914, na kwa miaka mingi kijana wa magharibi aliyetaka kucheza mpira mkubwa alipanda treni hadi Dar es Salaam. Sunday Manara, mwenye asili ya Kigoma, alitoka Yanga na kufika Heracles ya Uholanzi katika miaka ya 1970. Edibily Lunyamila, winga wa Kigoma, aling'ara miaka ya 1990. Kwa nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, safari ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu reli haikupanda huko. Mchezaji wa Kasulu au Kibondo alishuka kwanza Kigoma mjini kwa barabara ya vumbi, akaonekana katika mashindano ya mkoa, ndipo akafikiria treni. Shule na vyuo vya ualimu, kikiwemo cha Kabanga karibu na Kasulu, vilikuwa na kazi kubwa ya kueneza mchezo, na mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, ndiyo yaliyompa mtoto wa kijijini nafasi ya kucheza nje ya kata yake.

Katika viwanja vya aina hiyo, vyenye changarawe wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, kipa hufundishwa na ardhi. Kuruka ovyo humchubua, kwa hiyo hujifunza kusimama mahali ambapo mpira utamfikia bila yeye kuruka. Hujifunza pia kupiga kelele, kwa kuwa mabeki wa timu ya shule hubadilika kila mwaka na hakuna anayewapanga isipokuwa yeye. Kusimama vema na kuwapanga wenzake ndiyo mambo mawili yanayobaki kwa kipa hata miguu yake inapozeeka.

Juma Kaseja alizaliwa Ujiji mwezi Aprili 1985. Alipitia Moro United kabla ya kutua Simba, na mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alikabidhiwa mtihani mkubwa kwa kipa wa rika lake. Simba ilipangwa na Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi wa Ligi ya Mabingwa Afrika. Dar es Salaam Simba ilishinda 1-0. Cairo Zamalek ikalipa bao hilo, na mshindi akatafutwa kwa mikwaju ya penalti. Kaseja alipangua, Simba ikashinda 3-2 na kuingia hatua ya makundi. Waliokumbuka mwaka 1974 waliona deni la Mehalla limelipwa, tena katika nchi ileile.

Kocha wa Simba katika kampeni hiyo alikuwa Mkenya James Siang'a, ambaye mwenyewe alikuwa kipa na aliwahi kwenda na Kenya fainali za Afrika za mwaka 1972. Lango la Simba mjini Cairo lilikuwa na kijana, na kwenye benchi alikaa mkongwe aliyeijua kazi yake kwa ndani. Kocha aliyewahi kusimama langoni hana papara ya kumtoa kipa kwa kosa moja, kwa sababu anajua tofauti ya kosa na udhaifu.

Miaka iliyofuata ilimpandisha Kaseja na kumshusha. Chini ya Mbrazili Márcio Máximo, aliyeifundisha Taifa Stars kati ya 2006 na 2010, alikaa nje ya timu ya taifa kwa muda mrefu. Alicheza Yanga kwa msimu mmoja, akarejea Simba mwaka 2009, na msimu wa 2009/10 Simba ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi. Mdenmark Jan Poulsen alipochukua nafasi ya Máximo alimrudisha kikosini, na Desemba 2010 Tanzania ikatwaa Kombe la Chalenji la CECAFA jijini Dar es Salaam kwa kuishinda Ivory Coast 1-0 katika fainali, baada ya kuitoa Uganda kwa penalti katika nusu fainali. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0, na moja ya mabao hayo lilifungwa na Kaseja mwenyewe kwa penalti. Kipa kuaminiwa kupiga penalti katika mechi ya watani ni kipimo cha hadhi aliyokuwa nayo.

Mwaka 2013 aliachwa na Simba, na kipindi chake cha pili Yanga hakikudumu. Kwa wengi huo ulionekana kuwa mwisho. Badala yake alikwenda Mbeya City, kisha Kagera Sugar ya Bukoba, kisha KMC ya Kinondoni. Klabu hizo hazikuwa na bajeti ya wakubwa wa Kariakoo, Simba na Yanga, na kwa timu ya namna hiyo kipa mzoefu ni usajili wa busara kuliko mwingine wowote: mabeki vijana humsikiliza, na pointi moja ya ugenini inayopatikana kwa sare tasa inaweza kuwa ndiyo itakayoinusuru timu isishuke daraja. Ushahidi ulipatikana tarehe 19 Mei 2018. Simba, ikiwa tayari bingwa na haijafungwa katika ligi msimu mzima, iliikaribisha Kagera Sugar kwenye Uwanja wa Taifa, na Rais John Magufuli alikuwepo kukabidhi kombe. Kagera ilishinda 1-0. Dakika za mwisho Simba ilipata penalti, Emmanuel Okwi akapiga, na Kaseja akaokoa. Okwi na Kaseja walikuwa wamecheza pamoja Simba kwa miaka kadhaa, na kumbukumbu ya mazoezi ya pamoja ni sehemu ya mtaji wa mkongwe.

Mwaka mmoja baadaye mtaji huo uliifaa nchi nzima. Tanzania ilirejea fainali za Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka 2019, ikafungwa na Senegal 2-0, Kenya 3-2 na Algeria 3-0. Kaseja hakuwa kikosini. Kocha Emmanuel Amunike aliondolewa, na timu akapewa kwa muda Mrundi Etienne Ndayiragije, ambaye alikuwa amemfundisha Kaseja KMC. Ndayiragije alimwita kipa huyo akiwa na miaka 34 kwa ajili ya kufuzu CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani. Mechi mbili dhidi ya Kenya ziliisha bila bao. Tarehe 4 Agosti, katika uwanja wa Kasarani, Tanzania ilishinda kwa penalti 4-1, na Kaseja akapangua mkwaju. Baadaye timu hiyo iliitoa Sudan kwa faida ya bao la ugenini na kufuzu.

Mechi zilizofuata zile za Kenya ziligusa nyanda za juu za Kigoma kwa namna ya pekee. Katika raundi ya kwanza ya kufuzu Kombe la Dunia la 2022, Tanzania ilipangwa na Burundi. Kibondo na Kasulu zinapakana na nchi hiyo, Kiha cha Kigoma na Kirundi ni lugha ndugu, na tangu mwaka 2015 kambi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Nduta, wilayani Kibondo, zilikuwa zimepokea wakimbizi wengi wa Kirundi. Sare ya 1-1 ilipatikana Bujumbura, na nyingine ya 1-1 Dar es Salaam tarehe 8 Septemba. Katika penalti Tanzania ilishinda 3-0: Burundi haikufunga hata mkwaju mmoja. Kocha Mrundi na kipa wa Kigoma waliivusha Tanzania hadi hatua ya makundi. Katika muda wa wiki tano, mikwaju ya penalti ilikuwa imeamua mambo mara mbili, na mara zote mbili langoni alisimama mtu ambaye miezi michache kabla hakuhesabiwa.

Ni nini hasa anachokileta kipa wa aina hiyo? Kwanza, kusoma mchezo. Kipa mzoefu humtazama mpigaji wa penalti anavyoweka mpira, anavyovuta hatua na anavyogeuza nyonga, na hungoja kidogo zaidi kabla ya kuchagua upande. Tangu mwaka 2019 sheria inamtaka abaki na angalau mguu mmoja kwenye mstari wakati mpira unapigwa, kwa hiyo ujanja wa kuruka mbele umepungua thamani na subira imepanda. Pili, kupanga ulinzi. Mipira iliyokufa huamuliwa kabla haijapigwa: ukuta umesimama wapi, nani anamkaba nani, nani analinda nguzo ya karibu. Tatu, kushika muda. Timu ikielemewa, kipa anayeaminika hudaka krosi, hulala na mpira, huwapa wenzake nafasi ya kuvuta pumzi. Nne, kuuvumilia ubaya wa siku. Aliyewahi kufungwa bao la aibu na kurudi wiki iliyofuata hujua kwamba bao moja halimalizi kazi ya mtu.

Nchi nyingine za Afrika zina ushahidi unaofanana. Robert Kidiaba wa TP Mazembe ya Lubumbashi alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2009 na 2010, akafika na klabu yake fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, na Februari 2015, siku chache baada ya kutimiza miaka 39, aliisaidia Kongo kushika nafasi ya tatu Afrika kwa kuishinda Guinea ya Ikweta kwa penalti. Denis Onyango wa Uganda alikuwa na miaka 31 alipotwaa Ligi ya Mabingwa na Mamelodi Sundowns mwaka 2016 na kutajwa kuwa mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza barani. Mwaka uliofuata Uganda ilicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Essam El-Hadary wa Misri aliokoa penalti katika Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini, na langoni msemo huo una ukweli wa kupimika.

Hata hivyo, umri peke yake hauna thamani. Wapo makipa waliodumu kwa jina huku magoti yao yamekwisha kukataa, na klabu zilizowang'ang'ania zililipa kwa mabao. Mkongwe mwenye manufaa ni yule anayelinda mwili wake, anayekubali kujifunza sheria na mbinu mpya, na anayekubali kukaa benchi bila kuivuruga timu. Kukosekana kwa uvumilivu kwa upande wa klabu nako kumewapotezea vijana walimu wao, kwani kipa aliyetemwa ghafla haachi mrithi.

Mazingira ya sasa yameongeza ushindani. Klabu kubwa husajili makipa kutoka nje, kama Yanga ilivyomchukua Djigui Diarra wa Mali mwaka 2021 na kufika naye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Kipa wa Kitanzania hupata dakika nyingi zaidi katika klabu za mikoani, na Kigoma imepata yake: Mashujaa ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24 na hucheza kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Aprili 2024 iliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho la TFF uwanjani hapo, kwa penalti 6-5 baada ya sare ya 1-1. Kwa kijana wa Kasulu au Kibondo, soka ya daraja la juu sasa iko ndani ya mkoa wake, na hahitaji tena kuvuka nchi nzima ili amwone kipa wa Ligi Kuu akifanya mazoezi.

Mafunzo nayo yamekuwa taaluma rasmi. Timu za Ligi Kuu zina makocha wa makipa, na wengi wao ni wale waliowahi kusimama langoni. Mwaka 2022 Kaseja aliingia katika benchi la ufundi la Taifa Stars kwa kazi hiyo, akifuata njia waliyopita Pondamali na Pazi. Ujuzi uliokuwa ukitoweka kila kipa alipotundika glavu sasa una mahali pa kupokelewa, na thamani ya kipa mkongwe haihesabiwi tena kwa mechi alizocheza peke yake, bali pia kwa makipa aliowaacha nyuma yake.